Kompyuta ya nyumbani kuendesha AC na kuhesabu yuniti za LUKU: nianzie wapi?

chumba_cha_pili

Wakuu habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo.

Nyumba iko Dar, vyumba vitatu, bati juu, dari ya jipsamu. Vifaa vinavyokula umeme: AC mbili za BTU 12,000 (chumba kikubwa ni ya inveta, gesi R32, chumba cha watoto ni ya kawaida, R410A), friji moja, mapangaboi manne, pasi, na pampu ya maji ya nusu hosipawa. AC zinawashwa usiku tu, kwa muda wa saa nane hivi. Mita ya LUKU iko ukutani nje, si ya kwenye nguzo. Desemba hadi Machi matumizi ni yuniti (kWh) 330 hadi 380 kwa mwezi.

Kuna kompyuta ya mezani imekaa bure, Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8. Nataka niifanye seva ya Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) ifanye mambo matatu: inionyeshe kila kifaa kinakula yuniti ngapi, iendeshe AC zenyewe usiku, na inipe taarifa kitu kikianza kula kuliko kawaida. Ninunue vifaa gani, na wapi watu huwa wanakosea? Plagi za Wi-Fi za AC nimeziona madukani, zinafaa?

---

mzee_wa_seva

Mkuu, kabla hujanunua hata sensa moja, ipigie hesabu hiyo kompyuta yenyewe.

i5 ya kizazi cha 4 yenye diski ya kuzunguka inakula kama wati 40 ikiwa imekaa tu. Wati 40 mara saa 24 mara siku 30 ni yuniti 28.8. Kwa matumizi yako upo T1 (daraja la bei la matumizi ya kawaida), sahau ile bei ya shilingi 100 ya wanaotumia yuniti 75 kushuka chini. T1 ni shilingi 292, weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3, ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inakuja 356 kwa yuniti. Seva peke yake hapo ni shilingi 10,250 kwa mwezi. Linganisha na AC yako ya inveta: wastani wa wati 400 kwa saa nane kila usiku ni yuniti 96 kwa mwezi. Yaani seva itakula karibu theluthi ya AC unayotaka kuibana. Na ukiiweka chumba chenye AC, wati zote 40 zinageuka joto humo ndani, AC inalipishwa tena kulitoa nje.

Zinazofaa:

Raspberry Pi 4 yenye SSD ya USB: wati 5 hadi 6, kama shilingi 1,500 kwa mwezi. RAM GB 2 inatosha, GB 4 ndiyo raha.

Kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika (HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro): wati 8 hadi 12. Hizi ningezichagua mimi kuliko Pi, maana SSD iko ndani na hazisumbui na adapta.

Laptopu iliyovunjika kioo: wati 8 hadi 15 ukiwa umezima skrini, na betri yake ndiyo UPS yako. Ila laptopu iliyochomekwa mwaka mzima kwenye joto la Dar huvimba betri. ThinkPad na Dell nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 60 au 80, uweke. Ukishaweka Debian, ambia mfumo usilale kifuniko kikifungwa: kwenye faili la `logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore`.

Ukitaka Home Assistant OS iingie moja kwa moja kwenye kompyuta ya kawaida, lazima mashine iwe na UEFI (BIOS ya kisasa), na humo Secure Boot uizime. Kwenye BIOS weka iwake yenyewe umeme ukirudi, la sivyo kila ukikatika usiku seva inabaki imezima mpaka mtu aende kubonyeza.

Vitu viwili vinavyoua mifumo hii kwetu. Cha kwanza ni kadi ya microSD: umeme unakatika wakati Home Assistant inaandika, kadi inaharibika, asubuhi hakuna kitu. Tumia SSD, na kwenye `recorder` (sehemu ya kuhifadhi historia) weka `commit_interval: 30` badala ya sekunde 5 ili iandike mara chache. Historia ya kina ya siku 10 inatosha. Takwimu za muda mrefu hazifutwi hata hivyo. Router nayo ipe UPS ndogo ya volti 12, maana seva bila Wi-Fi haioni sensa hata moja.

Cha pili ni saa. Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukirudi na intaneti ikawa bado, Pi inaamka na saa ya zamani na ratiba zote zinakwenda kombo. Moduli ya saa yenye betri, DS3231, ni bei ndogo, inamaliza tatizo. Na tukiwa hapo hapo kwenye saa: saa 4 usiku kwenye programu ni 22:00. Watu wanaandika 04:00 halafu wanalalamika AC inawaka alfajiri.

Bei ya yuniti ndani ya Home Assistant iandike 356 mwenyewe. Usiitafute kwa kugawa hela uliyolipa kwa yuniti ulizopata, kwa sababu tokeni ya kwanza ya mwezi inakatwa kodi ya jengo na hesabu itakudanganya.

---

FundiBaridi

Wa seva wameanza na seva, sawa. Mimi naanza na AC.

Plagi ya Wi-Fi kwenye AC: hapana. AC ya kawaida ya BTU 12,000 inavuta ampia 5 hivi ikishatulia, lakini kompresa inapoamka inavuta mara nne hadi sita ya hiyo kwa kitambo kidogo. Rilei ya ndani ya plagi za bei rahisi inaungua midomo, inagandana, siku moja ukiamuru izime haizimi. Nyingine zinayeyuka plastiki kabisa. Ya inveta nayo hutakiwi kuikata umeme inapofanya kazi. Inatakiwa izimwe kwa rimoti ili feni na vali zimalize utaratibu wake. Endesha zote mbili kwa mwanga wa infraredi kama rimoti inavyofanya. Umeme wa AC uachie brekeri na kifaa cha kulinda volti.

Kompyuta isichukue kazi ya kompresa. Nimeona mipangilio ya "joto likifika 26 washa, likifika 25 zima". Kwa AC ya kawaida, kompresa ikizimwa inahitaji dakika 3 angalau mgandamizo wa gesi usawazike pande zote mbili. Ukiiwasha kabla, inaanza ikiwa imebanwa, inavuta ampia nyingi, kinga ya joto inaikata, na ukirudia kila usiku unanunua kompresa. Kwa inveta ni hasara ya aina nyingine: faida yake yote ni kutambaa polepole kwenye wati 250 au 300 chumba kikishapoa. Ukiizima kila nusu saa, kila ikiwaka inaanza kwa nguvu zote. Kompyuta ibadilishe nyuzi tu, uamuzi wa kuwasha na kuzima kompresa iachie AC yenyewe.

Ratiba inayofaa Dar: saa 4 usiku nyuzi 25, saa 6 usiku 26, saa 9 usiku 27, saa 11 na nusu alfajiri izime, pangaboi likiendelea mwendo wa chini kuanzia mwanzo. Pangaboi la kawaida ni wati 60 hadi 75, kwa hiyo kuongeza nyuzi mbili na kuacha pangaboi likizunguka kunalipa. Usipeleke 27 bila pangaboi. Tatizo letu la pwani ni unyevu zaidi ya joto. Kwa sababu hiyo hiyo weka sensa inayosoma unyevu pia. Ukipita asilimia 65 chumbani huku AC inasoma 26, badilisha iende hali ya kukausha nusu saa, usishushe nyuzi.

Sasa ile taarifa ya "kitu kimeanza kula kuliko kawaida". Kwa AC weka sensa mbili za joto za DS18B20: moja juu inapovuta hewa, nyingine kwenye mdomo inapotoa baridi. Kompresa ikiwa inafanya kazi kwa nguvu, tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzima. Ikishuka chini ya 6 kwa dakika 15 huku wati ziko juu, anza na filta. Filta ikiwa safi, angalia mapezi ya yuniti ya nje. Karibu na bahari chumvi inayala na vumbi linaganda. Mwisho kabisa ndiyo gesi. Kwa inveta angalia tofauti hiyo wati zikiwa juu ya 700 tu, ikiwa inatambaa tofauti ni ndogo kiasili na taarifa itakuja ya uongo kila usiku.

Filta ioshwe kila wiki mbili msimu wa joto. Na kama yuniti ya nje imefungiwa ndani ya grili ya wezi iliyobana, inavuta hewa moto iliyoitoa yenyewe. Hapo hakuna programu itakayokusaidia.

---

dada_waya

Nakupa upande wa kupima na rimoti.

Nyumba nzima. Angalia usoni mwa mita kuna taa ndogo nyekundu inayomweka na maandishi kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Bandika mbele yake moduli ya mwanga yenye LM393, waya tatu kwenda kwenye D1 mini (kibodi kidogo cha Wi-Fi chenye chipu ya ESP8266) yenye ESPHome (programu ya kuiunganisha na Home Assistant), tumia `pulse_meter`. Mita ya imp 1000: mmweko mmoja kwa dakika ni wati 60. Ya imp 1600 ni wati 37.5. Zungusha ile skrubu ndogo ya moduli mpaka taa yake imweke sambamba na ya mita, kisha funika yote kwa tepu nyeusi. Mchana jua likiingia pembeni, hesabu inaruka au inakufa kabisa. Usiguse lakiri wala kifuniko cha mita. Kila kitu kinabandikwa nje. Mwenye mita ya nguzoni asipande, apime ndani kwenye boksi la brekeri.

Kila AC. PZEM-004T toleo la 3 (moduli ya kupima umeme), ile yenye pete ya CT (ya kupima mkondo) ya ampia 100, moja kwa kila AC. Inasoma volti, ampia, wati, PF (wati halisi ukigawa kwa volti mara ampia) na yuniti zilizojumlishwa. Pete izunguke waya wa moto peke yake. Ukiivisha kebo nzima, moto na nyutro vinafutana na itasoma sifuri, hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu. Kazi hii ni ndani ya boksi la brekeri, brekeri kuu imezimwa, na afanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Volti za PZEM zipitie fyuzi ya ampia 1.

Kwenye Home Assistant yuniti za PZEM ziwe na `device_class: energy` na `state_class: total_increasing`, vinginevyo hazitaonekana kwenye ukurasa wa nishati. Halafu `utility_meter` ya mwezi kwa kila kifaa.

Rimoti. Rimoti ya AC si kama ya TV. Kila ukibonyeza inatuma hali nzima: nyuzi, hali, kasi ya feni, vyote pamoja. Ndiyo maana kompyuta inaweza kutuma "baridi, 26, feni ndogo" bila kujua AC ilikuwaje. Broadlink RM4 Mini, kirusha infraredi cha kununua tayari, ni njia ya haraka. Ya kutengeneza ni D1 mini, LED ya infraredi ya nanomita 940, transista 2N2222, rezista ya ohm 470 kwenye besi na ya ohm 33 kwenye LED kutoka volti 5. Usiunge LED moja kwa moja kwenye pini, pini ya ESP8266 inatoa miliampia 12 tu na AC itasikia ukiwa umeisogelea hatua mbili. ESPHome ina `climate_ir` ya chapa nyingi: Gree, Midea, Daikin, LG, Toshiba na wenzake, AC nyingi zenye majina yasiyojulikana ndani ni Midea au Gree, jaribu hizo kwanza.

Ongeza na kipokezi cha infraredi cha TSOP38238 kwenye bodi hiyo hiyo. Watoto wakitumia rimoti ya mkono, kipokezi kinasikia na Home Assistant inajirekebisha. Na kuhakikisha amri imefika, angalia PZEM: ukiamuru izime na baada ya dakika 2 bado inavuta zaidi ya wati 100, tuma tena.

Sensa ya joto ya chumba tumia SHT31. DHT11 usinunue. Itoe nje ya boksi la ESP kwa waya wa sentimita 15, ikikaa juu ya bodi inasoma nyuzi 2 zaidi. Kimo cha kifua, mbali na dirisha na mkondo wa AC.

Friji ipime tu, usiiendeshe. Kompresa yake ikifanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda hata usiku, kagua mpira wa mlango.

---

Nyali_jua

Naongezea kwa walio na sola, nikiwa upande wa Mombasa.

Bei ya nyumbani haibadiliki kwa saa, si Tanzania wala kwetu, kwa hivyo kupoza chumba mapema mchana hakuna faida kwa anayenunua umeme wa gridi pekee. Kwa mwenye paneli kuna faida: betri ikifika asilimia 95 na jua bado lipo, umeme unaozidi unapotea bure. Inveta za sola kama Deye zasomwa na seva kwa waya wa RS485. Weka sharti: betri juu ya 95, paneli zazalisha zaidi ya matumizi kwa wati 800 kwa dakika 10, basi AC iwake kwa nyuzi 23.

Lakini ianze saa 8 mchana, si saa 11 jioni. Hewa ya chumba cha mita 4 kwa 4 na kimo cha mita 3 ni kilo 58 tu. Kuipoza nyuzi moja hakufiki hata yuniti 0.02. Baridi ya kukaa mpaka usiku iko ukutani na sakafuni, na kuta za matofali zataka saa mbili tatu. Funga mapazia ya upande wa magharibi, la sivyo wapigana na jua.

Na kwa Wakenya: madaraja yetu ya yuniti 30 na 100 yanaangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Kwa hivyo usiwekee taarifa mwezi mmoja pekee. Tengeneza sensa ya wastani wa mitatu, ikikuonyesha unakaribia 100 ndipo kubana kuna maana kubwa.

---

chumba_cha_pili

Asanteni sana wakuu, hii ni darasa. Nimechukua EliteDesk Mini, ya mezani nimeiacha. Fundi amefunga PZEM mbili na sensa ya mita. Matatizo mawili.

Moja: kwenye kujaribu tulizima kila kitu, pete ya PZEM ya pili ikawekwa kwenye waya wa soketi, tukachomeka pasi ya wati 1,000. PZEM inasema volti 230, ampia 4.4, wati 496, PF 0.49. Mita inamweka mara 17 kwa dakika, ni ya imp 1000. Nani mkweli?

Mbili: usiku volti za PZEM zinashuka mpaka 188 saa 2 hadi saa 4. Je AC zizimwe?

---

FundiBaridi

La volti nalijibu mimi. Ya inveta iache, nyingi zinavumilia. Ya kawaida ikipata volti 188 kompresa inavuta ampia nyingi na inachemka. Weka sharti: chini ya 195 kwa dakika 2, izime kwa infraredi, isiwake tena mpaka volti zikae juu ya 205 kwa dakika 5. Lazima kuwe na pengo kati ya namba mbili hizo. Ukitumia 195 kote, kompresa ikizima volti zinapanda, inawaka, zinashuka, inazima, na hivyo hivyo usiku kucha. Hii haiondoi haja ya kifaa cha kulinda volti, seva ikiganda hicho ndicho kinabaki.

---

dada_waya

Mita ndiyo mkweli. Mimweko 17 mara 60 ni wati 1,020, na volti 230 mara ampia 4.4 ni 1,012. Pasi ni waya wa kupasha joto tu, PF yake inatakiwa iwe 1. Ikisoma 0.5 kwenye pasi maana yake umeme wako ni wa fezi tatu (hukusema hapo mwanzo), na pete iko kwenye fezi moja wakati volti za PZEM zimechukuliwa fezi nyingine. Fezi zimeachana nyuzi 120, na kosaini yake, ukiacha alama ya hasi, ni nusu, ndiyo unaona nusu ya wati.

PZEM si mbovu. Fundi azime brekeri kuu, ahamishe waya wa volti za PZEM uende kwenye fezi ile ile ya brekeri ya AC inayopimwa, kila PZEM na yake. Volti zako za 188 nazo zitazame upya baada ya hapo, huenda ni za fezi ambayo AC ya watoto haipo kabisa. Rudia jaribio kwa pasi hiyo hiyo, pete ikiwa kwenye waya wa soketi yenye fezi hiyo. Ukiona PF 0.99 au 1.00, rudisha pete kwenye waya wa AC, sufurisha yuniti za PZEM, fungeni boksi.